Siku Baba Alipoita Msaragambo

Asubuhi ile nilifunga mlango wa chumba nilichokuwa nimepanga Kighare, mlimani, nikamkabidhi mwenye nyumba ufunguo, nikaweka begi begani. Akaniuliza, "Unaelekea wapi, dada?" Nikamwambia nitajua nikifika. Hakushangaa sana, maana alishanizoea. Ndivyo nilivyoishi. Nimechuma kahawa, nimeosha tangawizi, nimeuza chai stendi, nimepikia wajenzi wa barabara kambini. Sikai. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijawahi kuacha, na maswali mengine hayajibiki ukiwa umekaa sehemu moja. Safari hii, hata hivyo, nilikuwa nimetoka kumzika baba, na sikuwa na swali lolote kichwani. Nilitaka miguu itembee tu.

Nikateremka. Bodaboda zilinipita zikipiga honi, "Panda mama, nikushushe, hiyo kona itakumaliza magoti!" Nikawapungia mkono. Kwenye kona moja, chini kidogo ya migomba, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu: mahindi na maharage yaliyochemka tangu alfajiri, moshi wa kuni ambazo hazijakauka vizuri, kitunguu kinachoingia kwenye mafuta mwishoni kabisa. Makande. Tena makande ya watu wengi. Aliyekulia kwetu anajua kwamba sufuria kubwa ina harufu yake, nzito, inayotembea mbali kwenda kuita watu.

Nilipomaliza kona nikawaona. Walikuwa wanapandisha nyumba ya mtu. Wanaume wako juu ya ukuta, wanawake wamejipanga mstari wakipokezana matofali, mmoja anamtukana mwenzake kwa kumwangushia tofali mguuni, wengine wanacheka. Mama mmoja aliyekuwa anakoroga sufuria aliniona.

"Karibu mwanangu. Tua mzigo ule."

"Shikamoo, mama. Nimeshiba."

"Marahaba. Umeshiba nini saa hizi?"

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikamshukuru, nikapita haraka, na mahali ambapo hawakuweza kuniona nikakaa juu ya jiwe nikalia. Wale wa rika langu mlioshushwa mlimani mkiwa wadogo mkaletwa kukulia mjini, labda mtanielewa nikiwaeleza kwa nini.

Tulishuka kutoka kijijini kwetu Mamba nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa amemwachia kaka yake sehemu yake ya shamba la tangawizi, na kwa alichopata akanunua kiwanja pembeni mwa mji wa Same. Pembeni kweli: vichaka vya miiba, vumbi jekundu, na mbuzi wa wafugaji wa tambarare wakipita asubuhi na jioni kama wenye njia. Alisema tutasoma mjini na tutakuwa na nyumba karibu na hospitali. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba pembeni ya mji haibaki pembeni. Kabla hatujamaliza kufyatua matofali yetu ya udongo, malori ya mawe na mchanga yalianza kupita mbele yetu. Wakaja watu wa ofisi, wakaja wafanyabiashara, wakaja waliofanya kazi Dar miaka mingi na sasa wanarudi nyumbani, lakini si nyumbani kabisa kule juu kwenye baridi na barabara mbovu. Wakajenga. Sisi tukajikuta katikati yao, kwenye kibanda cha mabati ambacho mchana kiliunguza mkono ukikigusa, na jioni kilianza kulia, ko, ko, bati likipoa.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mzee Eliamani, mzaliwa wa Ugweno, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Alianza na ukuta kabla ya nyumba. Juu ya ukuta mafundi walipanda vipande vya chupa, vya kijani na vya kahawia, na jua likiegemea milimani vilikuwa vinawaka vyote kwa pamoja. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilidhani ni mapambo ya kutufurahisha sisi tulioko nje, kwa sababu wao walioko ndani wana maua.

"Baba, na sisi tutaweka chupa?"

"Sisi tutapanda maua, mwanangu."

"Maua yananyauka. Chupa hazinyauki."

Baba alicheka mpaka akakaa chini.

Tulisumbuana kama majirani wanavyosumbuana. Kuku wetu walipita chini ya geti wakafukua bustani yao. Gari lao likitoka lilimwaga vumbi kwenye nguo alizoanika mama. Maji ya kuoshea lile gari yalichimba kijikorongo mbele ya mlango wetu. Mbwa wao alibweka kila nilipokohoa. Mama Glory, mke wa Mzee Eliamani, alizoea kutokeza kichwa getini akiwa amefunga kitambaa chake cha nywele.

"Jamani Mama, huo moshi wenu! Mapazia yangu yote yananuka kuni."

"Moshi hauna geti, dada yangu," mama alimjibu. "Ungekuwa nalo ningelifunga."

Wakacheka wote wawili, na kesho yake ikawa vilevile.

Baba walimwita Mamba. Alipoulizwa siku ya kwanza ametoka wapi, alijibu, "Mamba," basi likawa jina. "Mamba, njoo utushikie hii nguzo!" "Leo Mamba katoka mtoni!" Watoto wenzangu wakimwona wanapiga kelele "Mamba! Mamba!" huku wakikimbia, nami kifua kilijaa fahari. Nilidhani wanamwogopa.

Sasa niwaeleze kuhusu msaragambo, kwa ambao hawakukulia kwetu. Kule mlimani, kazi ikimzidi mtu mmoja, inakuwa ya kila mtu. Ni mfereji umeziba, ni njia imebomoka, ni fulani anapandisha nyumba. Baragumu linapigwa, kila nyumba inatoa mtu, mwenye kazi anapika makande, na hakuna anayeuliza atapewa nini, kwa sababu kila mmoja anajua siku yake inakuja. Baba alizaliwa ndani ya jambo hilo. Lilikuwa kwake kama kujua kutembea. Hivyo lori la kwanza la mawe lilipomwaga mzigo kwa Mzee Eliamani, hakusubiri kuitwa. Alichukua beleshi lake akaenda. Alichimba naye msingi. Alibeba zege. Siku ya kupandisha kenchi za paa alikuwa juu kabisa, mbao begani, akiimba wimbo wa kwetu ambao mafundi hawakuujua. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa nyumba iliyofuata, na ile ya nyuma yake, na ya yule wa mtaa wa pili mwenye madirisha ya vioo vyeusi.

Nao hawakuwa watu wabaya. Hili nimelifikiria sana barabarani, na bado nalisema. Kila mara alirudi na kitu. Mzee Eliamani alimpa suruali ya kitambaa kizuri, bado ina mstari wa pasi. Mwingine alimpa mbao zilizobaki, mwingine sahani ya pilau iliyofunikwa na sahani nyingine. Baba aliviita zawadi. Alisema, "Umeona watu wa hapa wanavyojua ujirani?" Mama alipokea sahani, akaiangalia, akaipeleka ndani.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Niliona kila ukuta alioushika baba una sehemu yetu ndani yake. Nikitoka shule nilipita mtaani nikizitaja kimoyomoyo: ile ni yetu, na ile ni yetu, na ile yenye vioo vyeusi nusu ni yetu. Siku moja nikamwambia Glory, mtoto wa mwisho wa Mzee Eliamani, tuliyesoma naye darasa moja, kwamba kenchi za kwao ni za baba yangu.

"Baba yako ni kibarua wetu," Glory alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia kamba ya kiatu chako imefunguka.

Nikamrukia. Tuliamuliwa. Jioni nikamuuliza baba kibarua ni nani.

"Kibarua jioni anaondoka," baba alisema. "Mimi naondoka? Mimi nakaa hapa. Mimi ni jirani."

Mama aliyekuwa anachagua mchele hakuinua kichwa. "Baba wewe, unadhani hapa ni Mamba?"

"Watu ni walewale. Mzee Eliamani si Mpare? Si wa Ugweno yule?"

"Alikuwa," mama alisema.

Matofali yetu yalikuwa yamekauka, yamepangwa safu na kufunikwa na majani na vipande vya nailoni. Tofali bichi likishapandishwa ukutani na kuezekwa, linaishi kuliko mtu. Likibaki chini mvua ikaja, ni tope. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima, siku hadi siku yakishuka kidogo zaidi. Hatukuwa na uwezo wa kufyatua mengine. Msingi ulikuwa tayari, fundi alikuwa tayari, mbao tulizopewa zilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mikono. Baba akasema Jumamosi ataita msaragambo.

Alipita nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa nyuma yake. Hakuwa na baragumu, kwa hiyo alibonyeza kengele za mageti. Aliwaambia, "Jumamosi napandisha nyumba yangu, karibuni sana." Nao wakajibu vizuri, wote. "Hongera, Mamba!" "Safi sana, Mamba, hatimaye!" Mzee Eliamani alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akipenda, bwana. Mungu akipenda." Mimi nilijua Mungu atapenda. Kwa nini asipende?

Mama aliazima sufuria kubwa kwa akina mama wa kanisani. Aliamka gizani kuwasha moto. Kulipokucha harufu ilikuwa imeshajaa mtaa mzima, imeruka ukuta wa chupa, imeingia madirishani. Baba alivaa ile suruali ya Mzee Eliamani, halafu akaivua, akasema itachafuka, akavaa kaptula. Akapanga mabeleshi ukutani, ya kwake na ya kuazima, yamesimama kama watu. Fundi akafunga kamba. Tukasubiri.

Jua likapanda. Gari likatoka, vumbi likatufunika, likatokomea. Mtu alipita na baiskeli, baba akasimama, mtu akapita. Mama akapunguza kuni. Nilitumwa nikaangalie barabarani kama wanakuja, nikaenda, nikarudi, nikasema bado. Baada ya hapo nilianza kwenda bila kutumwa.

Halafu geti la Mzee Eliamani likafunguliwa. Akatoka Saitoti, mlinzi wao, mtu mzima kutoka kwa wafugaji wa tambarare, mkononi ana kreti la soda. Nilipiga kelele za furaha. Soda! Kreti zima! Nikamkimbilia baba, "Wamekuja, baba!"

Saitoti aliweka kreti chini. "Mzee anasema hongera. Anasema hizi ni za wafanyakazi."

Akaangalia huku na huku akitafuta wafanyakazi. Akamwona fundi, akamwona baba, akamwona mama na sufuria yake. Chupa zilikuwa za baridi, zinatoka jasho. Baba aliziangalia muda mrefu, kama mtu aliyepewa kitu cha nchi nyingine asichojua kinatumikaje.

"Watu wako wako wapi?" Saitoti aliuliza.

"Wanakuja," baba alisema.

Saitoti akavua shuka lake, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. "Mimi sina nyumba huku," alisema, "lakini zamu yangu ni jioni." Akabeba matofali. Mama akaacha sufuria, akabeba. Mimi nikabeba moja moja, nimelikumbatia tumboni. Fundi alipandisha haraka kadiri tulivyomletea, nasi tulimletea polepole. Glory alipanda juu ya kitu upande wao, tukaona kichwa chake nyuma ya vipande vya chupa, anatuangalia. Nilimpungia. Alishuka.

Mchana Mama Glory alipita na gari, akateremsha kioo. "Hongereni na kazi! Na hayo makande yananukia, jamani!" Mama alimwambia karibu. Akasema atarudi, akapandisha kioo.

Alasiri ukuta ulikuwa umefika magotini kwa mtu mzima. Wingu lilikuwa limefunika mlima wote, na upepo uliokuja ulikuwa na ubaridi. Baba akanawa mikono, akaenda kubonyeza kengele. Nilimfuata. Mzee Eliamani alifungua mwenyewe, amevaa ndala, uso mkunjufu.

"Mamba! Kazi inaendaje? Soda zilifika?"

"Zimefika, mzee. Asante. Ila nilikuwa nawasubiri."

"Unamsubiri nani?"

"Ninyi."

Mzee Eliamani alimwangalia kwa kutoelewa kabisa. "Kwani kuna kitu nimesahau? Ile suruali nilikupa. Ile siku ya kenchi nilisema wakupe chakula, hawakukupa? Mimi sijawahi kumtumia mtu bure, Mamba."

"Hapana, mzee, si hivyo."

"Kama umekosa vibarua ungeniambia mapema. Pale stendi wamejaa asubuhi."

"Sikutaka vibarua."

"Sasa ulitaka nini?"

Baba alitaja neno alilokuja nalo. "Msaragambo."

Uso wa Mzee Eliamani ukafunguka wote. Alicheka, na kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyeokota kitu chake cha utotoni. "Msaragambo! Mama Glory, njoo! Njoo usikie Mamba anavyosema! Unajua ni miaka mingapi sijasikia neno hilo? Babu yangu ndiye alikuwa anapiga baragumu, bwana, pale juu, sauti inafika bonde la pili..." Akaendelea kusimulia. Alisimulia vizuri sana. Baba alisimama akisikiliza, mikono yake iliyolowa inadondosha maji ya udongo kwenye vigae vya pale getini, mpaka simulizi ikaisha. Kisha akaaga.

Mvua ilianza kabla ya giza. Saitoti alikuwa amesharudi kwenye zamu yake. Mama alitupa juu ya matofali kila kilichokuwepo, majani, nailoni, kanga zake, hata shuka la kitandani. Baba hakufanya chochote. Alikaa mlangoni mwa kibanda, mvua inapiga bati kiasi kwamba huwezi kusikia mtu, na nikaona safu za matofali zikipoteza pembe zake, zikawa mviringo, zikalaliana, zikawa kilima kimoja. Harufu ya udongo mkavu unaopokea maji ikapanda. Watu wengi wanaipenda harufu ile. Mimi nikiisikia popote nilipo, naanza kufunga begi.

Makande tuliyala mpaka yakachacha. Baba alifua ile suruali, akainyoosha kwa kuilalia, akanituma niirudishe. Mama Glory aliipokea getini akaigeuzageuza. "Haikumtosha?" aliuliza. Nikamwambia sijui, kwa sababu kweli sikujua.

Kiwanja alikinunua Mzee Eliamani. Hakututapeli. Alimsikitikia baba, akaongea naye kwa heshima, na wote mtaani wakasema ametusaidia. Ukuta wa chupa ukasogezwa. Sikurudi kwenye ile shule, na sikuingia nyingine kwa muda mrefu, halafu sikuingia tena.

Tuliondoka asubuhi, juu ya fuso la mtu aliyekuwa anashuka njia ya Tanga. Baba hakuwa amesema tunakwenda wapi. Tulikaa juu ya vyombo vyetu tukiangalia mkonge na vichuguu vikipita, milima ikiwa upande wetu wa kushoto muda wote kama mtu anayetusindikiza na hataki kuongea. Tulipofika Makanya, dereva alisimama kunywa chai. Baba akashuka, akaulizauliza, akarudi akasema kuna chumba.

Kilikuwa chumba kimoja kwenye nyumba ndefu ya wapangaji, milango mingi upande mmoja na kibaraza kimoja cha wote. Fuso lilituteremshia vitu barabarani, mbali kidogo na mlango, likaenda zake. Jua lilikuwa kali. Baba akajitwisha godoro. Hatukuwa tumepiga hatua, milango ya nyumba ile ikaanza kufunguka. Akatoka mwanamume mwenye singlendi, akatoka mwingine ana povu la sabuni mikononi, wakatoka akina mama wawili wamejifunga kanga. Hakuna aliyekuwa amewaita. Mama mmoja alifika kwangu, akasema, "Lete hilo beseni, binti, litakuvunja shingo," nami nikampa. Yule wa singlendi tayari alikuwa ameinua kitanda upande mmoja.

"Karibuni, karibuni! Jirani, leta hilo godoro nikusaidie."

Baba hakulitoa. Aliwaangalia mmoja mmoja, mikono yao, nyuso zao.

"Mpaka ndani ni bei gani?" aliuliza.

Wakaangua kicheko. Walidhani wamepata mtani. "Bei ya nini tena, jirani?" yule wa singlendi alisema, akaendelea kucheka, kisha akaona kwamba baba hacheki, naye akaacha taratibu, na wengine wakaacha. Mama aligeuka upande. Baba alisimama palepale juani, godoro kichwani, akisubiri atajiwe bei.